Sufuria Isiyoonjwa

Jambo la kwanza lililomtia Faruku wasiwasi ni kwamba wanafunzi walikuwa wanakula mboga za majani kwa hiari yao.

Si mmoja wala wawili. Basi zima la kidato cha pili kutoka Muleba lilishuka pale makumbusho ya Bukoba, likazitazama ngoma za kale kwa dakika nne, likaitazama mikuki kwa dakika tatu, likapita mbele ya mivukuto ya wahunzi bila hata kupunguza mwendo, kisha likakimbilia baraza la nyuma kama linafukuzwa na nyuki. Faruku alikuwa tayari. Karai linachemka, chipsi zimerundikwa nyuma ya kioo, chupa ya tomato imesimama kama askari wa gwaride. Akavuta pumzi, akapaza sauti: "Chipsi mayai! Chipsi kavu! Soseji!"

Basi zima likampita. Likapanga foleni mbele ya meza ya Annastella, kila mtu na sahani yake mkononi, kila mtu akiomba mboga.

"Mboga," Faruku alijisemea polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Alikuwa ameuza chipsi kwenye baraza lile miaka sita, tangu makumbusho yafunguliwe, na alidhani anawajua wanafunzi kuliko walimu wao. Mwanafunzi wa bweni hali mboga. Mwanafunzi wa bweni huziona mboga kama adhabu iliyosahaulika kuandikwa kwenye sheria za shule. Akipewa, huzificha chini ya ugali. Akibanwa na matroni, huzihamishia sahani ya mwenzake kwa ustadi ambao angeutumia kwenye hesabu angekuwa daktari. Na leo hao hao walikuwa wanarudi mara ya pili, wanapangusa sahani kwa kidole, na mmoja alikuwa ameandika kwenye kitabu cha wageni, mahali pa maoni: *Mikuki ni mizuri. Mboga za kule nyuma ni nzuri zaidi.*

Kulikuwa na kitu ndani ya zile mboga. Faruku alikuwa na hakika nacho kama alivyokuwa na hakika na jina lake.

Na hakuwa na muda wa kuchunguza taratibu. Miezi mitatu nyuma, kamati ya makumbusho ilitangaza kwamba inajenga chumba cha mgahawa, kimoja, chenye mlango mmoja na mpishi mmoja. Sehemu ya umma, ilisema barua yake, haifai kuwalisha watoto wa taifa mafuta matupu. Basi wakamleta Annastella kutoka Muleba, wakampa meza upande wa pili wa baraza, wakabandika ukutani orodha ya vyakula vya kila mmoja, na chini yake onyo: *Chakula kisicho kwenye orodha kitamwondoa mpishi.* Alhamisi ya mwisho ya Novemba kamati ingekuja kula kwenye meza zote mbili. Atakayeshinda angepewa chumba. Atakayeshindwa angefungasha.

Alhamisi hiyo ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Wewe Karugendo," Faruku alimwita mlinzi wa makumbusho, mtu mrefu, mwembamba, ambaye kwa miaka sita alikuwa akila kwake chipsi za bure kila saa saba. "Mbona siku hizi huji?"

"Nimepumzisha tumbo."

"Umelipumzisha wapi?"

Karugendo aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu anayelinda kitu cha thamani. Kona ya mdomo wake ilikuwa na alama ya kijani.

"Faruku, ndugu yangu," alisema kwa upole wa kutisha, "baki na karai lako. Mambo mengine usiyachimbe."

Mtu akiambiwa hivyo hawezi kulala. Kuanzia siku hiyo Faruku akaanza kumpeleleza Annastella, na alipeleleza kwa bidii hadi akaunguza soseji mara mbili.

Alichokiona kilikuwa hiki. Annastella alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayefunga khanga yake kwa nguvu kama anakwenda vitani. Alikuja na sufuria tatu. Ya kwanza ndizi na maharage. Ya pili samaki waliofungwa kwenye majani ya mgomba. Ya tatu mboga kwa karanga. Kabla ya kumpakulia mgeni wa kwanza, alichota kidogo kwenye sufuria ya kwanza, akaonja mbele ya watu. Akachota ya pili, akaonja. Ya tatu akaifunua, akaikoroga, akapakua. Hakuonja.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo, na siku hiyo Faruku aliona zaidi: saa tano kamili, kabla wageni hawajafika, Annastella alitoa mkebe mdogo wa bati chini ya meza, akanyunyiza unga wa kahawia ndani ya sufuria ya tatu, akaurudisha mkebe haraka. Kisha akamwita Karugendo nyuma ya baraza, akampa kijiko. Karugendo akameza, akafumba macho.

"Anajaribia kwa mlinzi wa serikali," Faruku alimwambia mkewe Zuena jioni ile. "Akiona hajafa, anawapa watoto."

"Wewe ulinusa nini?"

Hilo lilikuwa swali la kuumiza. Pua ya Faruku ilikufa zamani. Baada ya miaka sita ya kuinamia karai, duniani kulibaki harufu moja tu, na ilikuwa ya mafuta.

"Harufu haihusiki," alisema. "Kesho naenda Muleba."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Zuena alikuwa anampangia chakula cha kesho kwenye hotipoti, ndizi za kuchemsha na maharage, kama kila siku tangu daktari alipompima presha. Akakaza kifuniko. "Ukifika uwasalimie," alisema, "hao unaokwenda kuwashuku."

*

Kwa bibi aliyemlea Annastella hakukuwa kugumu kupajua. Kila aliyeulizwa pale Muleba mjini alinyoosha mkono uleule, na Faruku akafuata njia katikati ya migomba na mibuni mpaka akatokea kwenye ua uliofagiliwa vizuri. Bibi Joviana alikuwa ameketi mkekani na majirani wawili, wanawake watu wazima, mbele yao rundo la senene wabichi, wale panzi wa kuliwa. Ulikuwa msimu wao. Walikuwa wanawang'oa mabawa na miguu huku wanaongea, mikono ikifanya kazi yenyewe bila kutazamwa.

"Karibu, mwanangu. Karibu waitu. Keti."

Faruku aliketi. Akasema anatoka Bukoba, anafanya kazi pamoja na Annastella. Uongo huo ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake kiasi kwamba haukumsumbua.

Bibi aliinuka, akaleta kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Kabla hajamnyooshea mgeni, akachukua punje mbili, akatia kinywani mwake, akatafuna, ndipo akampa. Faruku alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni. Babu yake alikuja kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba, na Bukoba nzima inajua: anayekupa ndiye anayetangulia. Lakini leo aliuliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia yoyote.

"Bibi, na usipoanza wewe?"

Majirani wakacheka. Bibi Joviana hakucheka.

"Nisipoanza mimi, wewe ule kwa nini? Nikupe kitu ambacho mdomo wangu umekikataa? Hiyo si kukaribisha mtu. Hiyo ni kumwua."

"Na Annastella ulimfundisha hivyo?"

"Huyo? Hata maji anaonja. Mtu aliyelelewa na mimi akipika kitu asikionje, mwanangu, inuka uondoke."

Faruku alihisi kifua kinajaa. Alikuwa amepata ushahidi, tena kutoka kwa bibi mwenyewe. Furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuzingatia kilichofuata. Bibi alitia senene kikaangoni, bila tone la mafuta, wakajikaanga kwa mafuta yao wenyewe, akawatia chumvi, akamjazia mgeni sahani. Faruku alikula wote. Hawakuonjwa na bibi. Hawakuonjwa na jirani yeyote. Wanawake watatu walikuwa wamekaa na senene mapajani tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyepeleka kinywani, na Faruku hakuona ajabu, kwa sababu nyumba za namna ile, zinazoshika mila za kale, wanawake hawali senene, na hilo nalo Bukoba nzima inalijua. Yeye aliramba vidole.

"Kasinge waitu," alishukuru kwa Kihaya, akaondoka kama mwendesha mashtaka.

*

Alhamisi ilifika na mvua nyepesi ya asubuhi, ikakatika saa nne. Kamati ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa Mzee Josia, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata alipokula alionekana anasahihisha. Kulia kwake alikaa Bi Alistidia, mkuu wa makumbusho, aliyeandika ile barua kuhusu mafuta. Karugendo alisimama mlangoni na kirungu, ingawa hakuna aliyekuwa anashambulia.

Walianza na meza ya Annastella. Akawanawisha mikono. Akafunua sufuria ya kwanza, akaonja. Akafunua ya pili, akaonja. Akafunua ya tatu, akakoroga, akaanza kupakua.

"Mwenyekiti!" Faruku alisimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Alhamisi. "Naomba kuuliza swali moja, kwa heshima zote."

"Uliza, Bwana Faruku, chakula kinapoa."

"Kwa nini ile ya tatu haionjwi?"

Kijiko cha Mzee Josia kilisimama hewani. Faruku alingoja kidogo, kama alivyofanya mazoezi mbele ya Zuena.

"Nimemwangalia siku tisa. Ndizi anaonja. Samaki anaonja. Ile haonji hata mara moja. Na kuna mkebe chini ya meza. Kuna unga. Mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu: tangu lini mtu wa huku akampa mgeni chakula asichokitanguliza kinywani mwake?"

Vijiko sita vilishuka mezani kimoja baada ya kingine. Mjumbe wa mwisho, aliyekuwa ameshameza, alibaki ameshika koo.

"Annastella," alisema Bi Alistidia, "onja basi, mama, tuendelee."

Annastella aliangalia sufuria. Akaangalia orodha ukutani. "Siwezi," alisema.

"Huwezi?"

"Ile siwezi kula, bosi. Mnisamehe."

"Mmesikia!" Faruku aligeuka, mikono juu. "Mpishi amesema mwenyewe!"

Mlangoni, Karugendo alishikwa na kikohozi kirefu. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayejua kitu, na hakuna aliyekijali.

Annastella aliweka upawa mezani. Halafu akakaza khanga yake.

"Baba Mwajuma," alimwambia Faruku, kwa sauti ya chini, "na wewe chipsi zako mara ya mwisho ulikula lini?"

"Mimi?"

"Wewe. Miezi mitatu nipo hapa. Kila saa saba unafungua hotipoti, unakula ndizi na maharage. Nakuona. Unakaa nyuma ya stoo ukinipa mgongo, lakini nakuona."

"Hayo... hayo ni mambo ya daktari."

"Karugendo," aliita Mzee Josia, "wewe ndiye mlinzi. Umeona nini?"

Karugendo alisimama wima. Alikuwa amesubiri kuulizwa swali rasmi tangu aajiriwe.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nimelinda miaka sita. Nimeona ngoma, mikuki na mivukuto. Bwana Faruku akila chipsi, sijaona."

Kamati ilitazamana. Hapo ndipo wajumbe walipogundua kwamba wamealikwa chakula cha mchana na wapishi wawili, na hakuna kati yao anayekula alichopika. Mjumbe aliyeshika koo aliomba maji, yakaletwa, akayatazama kwanza.

Mzee Josia alifuta miwani yake kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kutoa viboko.

"Aliyeshtaki ataanza. Faruku, onja hiyo sufuria."

"Mimi nionje sumu?"

"Wewe ulisema husemi kitu, unauliza tu. Basi ulimi wako ukujibu."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Faruku alipokea kijiko, akamwomba Mungu msamaha kwa ujumla, bila kuorodhesha, akatia kinywani.

Kwanza alisikia mboga. Kisha karanga. Kisha, nyuma kabisa ya ulimi, kitu cha chumvi na mafuta yake chenyewe, kitamu, cha msimu, kilichomrudisha moja kwa moja kwenye ua uliofagiliwa na wanawake watatu wasiopeleka mkono kinywani. Alielewa mkebe. Alielewa Karugendo alivyofumba macho, na basi zima la Muleba, wanafunzi waliojua tangu tonge la kwanza na kunyamaza wote kama wamekula kiapo. Alielewa kwamba Bukoba nzima ilikuwa imejua kwa pua, isipokuwa yeye.

Alimeza. Akaangalia orodha ukutani. *Mboga za majani kwa karanga.* Basi. Na chini yake lile onyo. Annastella alikuwa anamwangalia, na hakuwa anaomba. Chumba kilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wake.

"Senene," alisema Faruku. "Amesaga senene. Hawamo kwenye orodha."

"Senene?" alisema Mzee Josia.

"Senene!" Faruku alirudia kwa ushindi. "Kwa bibi yake wanawake hawali, ndiyo maana haonji! Anasaga, anapika, anamwonjesha Karugendo. Na kwenye orodha hawamo! Onyo linasema..."

Lakini onyo lilisema peke yake, kwa sababu kamati haikuwa inasikiliza. Vijiko saba vilikuwa vimezama kwenye sahani. Mjumbe aliyeshika koo aliliachia, akaomba kuongezewa. Bi Alistidia alikula bila kumtazama mtu, na alipoona Mzee Josia anamkodolea macho, akasema, "Mwenyekiti, mimi nyumbani kwetu tulishaacha mambo hayo," akaendelea. Kwa dakika kumi haikutajwa lishe wala taifa.

Kisha Mzee Josia alifuta midomo, akaomba kalamu, akasogea ukutani. Baada ya neno *karanga* akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: *na senene*. Akaweka sahihi na tarehe.

"Kosa lako, Annastella, ni kuficha," alisema. "Kwa nini uliwaficha?"

"Niliogopa mngesema senene ni chakula cha kukaanga, mzee. Barua ilisema hamtaki vya kukaanga. Na mboga tupu, watoto wangezikataa."

"Wanakaangwa kwa mafuta gani?"

"Ya kwao wenyewe."

"Basi." Akageuka. "Sasa wewe, Faruku."

Faruku alikuwa amesahau kwamba kuna zamu yake. Akaenda kwenye karai. Akachota chipsi moja, moja tu, ya dhahabu, ndefu, nzuri kwa macho. Akaishika kwa vidole viwili. Watu wote walimwangalia.

Mafuta yale aliyamimina Jumatatu. Hapana. Jumatatu aliongezea tu. Aliyoyamimina yalikuwa ya wiki iliyopita, na chini yao yalikuwa ya wiki nyingine, na aliyajua mafuta hayo kama mtu anavyoijua tabia ya ndugu yake. Alikuwa ameyaangalia yakibadilika rangi, ya asali, ya chai, ya kahawa, na kila asubuhi alijiambia kesho. Aliipeleka ile chipsi mpaka kwenye mdomo. Mdomo ukagoma kufunguka. Si presha iliyoukataza.

Akaishusha.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kanzu yake, "naomba kwanza nibadilishe mafuta."

Hakuna aliyecheka. Hata Karugendo, ambaye alikuwa ameyala mafuta yale miaka sita bure, alibaki anahesabu kitu kichwani mwake na uso ukimbadilika.

"Umejihukumu mwenyewe," alisema Mzee Josia taratibu. "Sisi tulikuwa bado."

*

Chumba alipewa Annastella. Faruku alifungasha kioo, chupa ya tomato na karai, na alikuwa amefika getini aliposikia anaitwa. Alikuwa Bi Alistidia, akitembea haraka kwenye tope na viatu vya ofisini.

"Nje ya uzio, chini ya ule mpera, si baraza letu," alisema. "Kamati haina neno na hapo. Ila mafuta mapya kila siku, na sahani ya kwanza unakula wewe, mbele ya Karugendo. Nusu sahani, kwa sababu ya hiyo presha."

Jumatatu asubuhi Faruku alimimina mafuta meupe kama maji. Akakaanga. Akala nusu sahani yake amesimama, huku Karugendo amekunja mikono, akimwangalia usoni bila kupepesa. Alipomaliza, mlinzi hakuondoka. Alingoja dakika tano zaidi, asije akaanguka.

"Umeridhika?" Faruku aliuliza.

"Bado naangalia."

Saa tano, dirisha la chumba kipya lilifunguka. Annastella alitoa mkono wenye kijiko. Karugendo alipiga hatua, lakini kijiko kilimpita.

"Baba Mwajuma, niangalizie chumvi. Huyu kila siku anasema iko sawa."

Faruku alipokea. Akaonja. Akatazama juu, akatafuna polepole, akakunja uso kama hakimu aliyeletewa kesi ngumu.

"Hapana," alisema mwishoni. "Kuna kitu sikielewi humu. Lete kijiko kingine."